KAUNTI YA BÉKÉS KULE HUNGARIA: JINA NI AMANI, LAKABU NI DHORUBA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilikata shauri kwamba kila mwanachama anayeandika makala ya masomo achague nchi ambayo hatufundishwi sana darasani. Wenzangu walikimbilia Brazili na Japani. Mimi nikaangukia Hungaria, na kwa kuwa nchi nzima haiwezi kuenea katika kurasa hizi chache, nimechukua kaunti moja tu ya mashambani, Békés.

Tena nina sababu. Hapa kwetu neno kaunti tunalisikia asubuhi na jioni: gavana kasema hivi, bunge la kaunti limekataa vile, hospitali ya kaunti haina dawa. Kaunti zetu 47 zilianza kazi mwaka 2013. Sasa sikia kioja. Katika kipindi kicho hicho, kaunti za Hungaria, ambazo mizizi yake ina umri wa karibu miaka elfu moja, zilikuwa zinapokonywa hospitali na shule. Sisi tulikuwa tunapanda ngazi, wao wanashuka. Basi nikataka kujua: kaunti ni kitu gani hasa, na ikibaki jina tu watu wake wanakuwaje?

MAHALI ILIPO

Hungaria iko katikati ya bara la Ulaya na haina bahari. Kenya inaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara sita. Nchi hiyo imegawanywa katika kaunti 19 pamoja na jiji kuu, Budapest. Békés iko pembe ya kusini-mashariki, umbali wa kilomita 200 hivi kutoka Budapest, na upande wake wa mashariki imepakana na nchi ya Romania. Ukubwa wake ni kilomita mraba 5,630 hivi, yaani karibu sawa na Kaunti yetu ya Machakos. Lakini usidanganyike. Machakos ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.4 katika sensa ya 2019, ilhali Békés ina zaidi kidogo ya 300,000 tu. Hilo nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo donda lao.

Kabla hatujaendelea, tujifunze kutamka, tusije tukachekwa. Kwa Kihungaria herufi s peke yake husomwa sh, sz husomwa s, na cs husomwa ch. Kwa hiyo Békés ni "Beekeesh", na mji wa Szarvas ni "Sarvash". Gy ni kama dy, hivyo Gyula ni "Dyula".

NCHI TAMBARARE NA MITO YENYE MAJINA YA AJABU

Békés ni sehemu ya Uwanda Mkuu wa Hungaria. Ukisema uwanda, huko ni uwanda kweli! Hakuna mlima, hakuna kilima cha kujivunia. Karibu kaunti yote iko kati ya mita 80 hivi na 100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Nyeri au wa Kisii akipelekwa huko atahisi kama amewekwa juu ya meza.

Majira ya kiangazi ni ya joto kali, na wakati wa baridi theluji huanguka. Mvua si nyingi, na miaka ya ukame si migeni. Wakulima wa huko nao hutazama mawingu kama tunavyotazama sisi.

Jambo lililonipendeza zaidi ni mito. Kuna mto unaoitwa Körös, lakini kwa kweli ni mito kadhaa ya jina moja inayotoka katika milima ya Romania. Mmoja ni Körös Mweupe, wa pili ni Körös Mweusi. Hii miwili hukutana karibu na mji wa Gyula na kuitwa Körös Maradufu. Kisha unakuja wa tatu, Körös wa Kasi, unajiunga nao, na kuanzia hapo mto huitwa Körös wa Mara Tatu, mpaka unapojimwaga katika mto mkubwa wa Tisza. Hayo si majina niliyoyabuni mimi, ndiyo maana halisi ya majina yao ya Kihungaria. Nani aliyesema hesabu haina nafasi katika Jiografia?

Zamani mito hiyo ilikuwa ikitapika maji kila mwaka, na sehemu kubwa ya kaunti ilikuwa kinamasi, samaki na matete tu. Katika karne ya 19 kazi kubwa ilifanywa ya kunyoosha mito na kujenga kingo za udongo. Kazi hiyo haikufanywa na mashine. Ilifanywa na vibarua maskini kwa sepetu na wilbaro, waliotembea kutoka kijiji hadi kijiji wakitafuta kibarua. Wahungaria huwaita kubikos, kwa sababu walilipwa kwa kila mita ya ujazo ya udongo waliyochimba. Usiwasahau hawa, tutakutana nao tena huko mbele.

Udongo wa kusini ya kaunti ni mweusi na wenye rutuba nyingi sana, lakini si ule mweusi wa kunata unaokwamisha matatu kule Mwea. Huu ni laini, nao hustawisha ngano, mahindi na alizeti. Kaskazini mambo ni tofauti: kuna ardhi ya magadi ambayo haifai sana kwa kilimo, ni ya malisho. Hapo penye nyasi, karibu na mji wa Dévaványa, wanahifadhi tandawala, ndege mkubwa ambaye dume lake ni miongoni mwa ndege wazito kabisa duniani wanaoweza kuruka. Hata kwetu tuna tandawala wa aina nyingine, utawaona katika mbuga kama ya Maasai Mara. Mbuga ya Taifa ya Körös-Maros, iliyoanzishwa 1997, ndiyo inayolinda sehemu hizo, na makao yake yako Szarvas.

Mifugo nayo ipo tele. Nguruwe ndio hasa, na soseji za Gyula na za Békéscsaba, zenye pilipili nyekundu ya kusaga, zinalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya ili mtu wa mahali pengine asitumie jina hilo kienyejienyeji. Farasi wako Mezőhegyes, ambako Kaisari Joseph wa Pili alianzisha shamba la kuzalisha farasi wa jeshi mwaka 1784.

WATU WALIOTOKA PANDE ZOTE

Neno békés kwa Kihungaria lina maana ya "-enye amani". Lo! Historia ilifanya kama inalikejeli jina hilo. Mwaka 1241 Wamongolia walivamia Hungaria na kuiteketeza. Mwaka 1566 jeshi la Waturuki liliizingira ngome ya matofali ya Gyula na kuiteka, nao wakakaa hapo mpaka karibu na mwisho wa karne ya 17. Ngome yenyewe bado imesimama, watalii huizuru, na pembeni yake kuna mabwawa ya kuogelea yenye maji ya moto yatokayo ardhini. Lakini Waturuki walipoondoka, nchi ilikuwa karibu tupu. Vijiji vilikuwa vimekufa.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo bado linaonekana leo. Bwana mmoja, Johann Georg Harruckern, alipewa ardhi kubwa mno katika eneo hilo, na ardhi bila watu haina faida. Akawaita walowezi. Waslovakia walifika Békéscsaba mwaka 1718 na Szarvas mwaka 1722. Wajerumani walikaa Gyula na Elek. Waromania wako Méhkerék, Kétegyháza na Gyula pia. Waserbia wako Battonya. Waroma nao wapo katika miji na vijiji vingi, na wengi wao ndio wanaoumia zaidi kwa ukosefu wa kazi. Kwa hiyo kaunti moja ya mashambani ina makanisa ya kila namna: ya Kilutheri, ya Kikatoliki, ya Wakalvini na ya Othodoksi. Kanisa Kubwa la Walutheri la Békéscsaba lilifunguliwa 1824 na ni kubwa kweli kweli. Askofu wa Waothodoksi wa Kiromania nchini Hungaria ana kiti chake Gyula.

Msomaji usifikiri kwamba mambo yalikuwa matamu wakati wote. Mwaka 1944 Wayahudi wa kaunti hiyo walikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Mwaka 1946 Wajerumani wengi walifukuzwa. Baada ya hapo maelfu ya Waslovakia walihamia Chekoslovakia katika mpango wa kubadilishana watu. Familia zilizoishi jirani kwa miaka mia mbili zilitenganishwa kwa karatasi na muhuri tu.

Kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, niruhusu nichepuke kidogo nizungumzie lugha. Kihungaria hakina udugu na lugha za majirani zake. Jamaa zake wanaojulikana zaidi ni Kifini na Kiestonia. Lakini kina tabia ambazo sisi tutazitambua mara moja. Ház ni nyumba. Házban ni nyumbani, yaani ndani ya nyumba. Waona? Wao huongeza -ban mwishoni kama sisi tunavyoongeza -ni. Házam ni nyumba yangu, na házamban ni ndani ya nyumba yangu, neno moja tu. Isitoshe, hawatofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi: ő ni yeye, awe bibi au bwana. Na jina la ukoo hutangulia. Ferenc Erkel, aliyezaliwa Gyula mwaka 1810 na ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Hungaria, kwao huitwa Erkel Ferenc.

PEMBE YA DHORUBA

Sasa turudi kwa wale vibarua wa wilbaro. Mito ilipokwisha kunyooshwa, kazi ilipungua, na ardhi nzuri iliyopatikana haikuwa yao. Ilikuwa ya mabwanyenye. Ukoo wa Wenckheim, uliorithi sehemu ya ile mali ya Harruckern, ulijengewa jumba la fahari huko Szabadkígyós kati ya 1875 na 1879. Watu husimulia kwamba jumba hilo lina madirisha 365, idadi ya siku za mwaka. Mimi sikuyahesabu! Lakini hebu fikiria kibarua asiye na hata robo ekari akipita mbele ya madirisha hayo.

Basi mambo yakachacha. Tarehe 1 Mei 1891 vibarua wa mji wa Orosháza walikusanyika kuadhimisha siku ya wafanyakazi, wakanyang'anywa bendera yao, ghasia zikazuka na askari wakaletwa. Siku chache baadaye moto uleule ukawaka Békéscsaba. Kisha akatokea mkulima mmoja wa Békéscsaba, mwenye asili ya Kislovakia, aliyeitwa András Áchim. Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1905 na akaanzisha chama cha wakulima kilichodai ardhi na haki ya kupiga kura. Mwezi Mei 1911 alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Mwandishi Géza Féja alipotoa kitabu mwaka 1937 kuhusu umaskini wa sehemu hizo alikiita Viharsarok, yaani Pembe ya Dhoruba, na akashtakiwa mahakamani kwa sababu yake. Jina likabaki. Hata leo Mhungaria akisema Pembe ya Dhoruba, anaizungumzia Békés na jirani zake. Kaunti ya Amani na Pembe ya Dhoruba ni mahali pamoja!

Ardhi iligawiwa watu mwaka 1945, lakini haikupita miaka mingi serikali ya kikomunisti ikawasukuma wakulima waingie katika mashamba ya ushirika. Baada ya 1990 mashamba hayo nayo yakavunjwa. Ndiyo kusema kwamba bibi mmoja wa huko angeweza kushuhudia shamba lilelile likiwa la bwanyenye, la baba yake, la ushirika, na la tajiri mwingine mpya.

SERIKALI YA KAUNTI

Hapa ndipo nilipopataka tangu mwanzo. Kaunti za Hungaria zilianza zama za Mfalme István, aliyetawazwa karibu na mwaka 1000. Kila kaunti ilikuwa na ngome, na katika ngome kulikuwa na mtu wa mfalme. Baadaye mabwana wa kila kaunti wakapata nguvu ya kuamua mambo yao wenyewe, na mara nyingine walimkaidi hata mfalme. Makao ya Békés yalikuwa Gyula mpaka mwaka 1950, yalipohamishiwa Békéscsaba, mji wenye stesheni kubwa kwenye reli iendayo Romania. Inasemekana watu wa Gyula hawajasahau.

Ukomunisti ulipoanguka, sheria ya mwaka 1990 ilitoa uhuru mkubwa. Kila mji na kila kijiji, hata kiwe kidogo vipi, kilipata halmashauri yake na meya wake. Békés ina miji na vijiji 75, kwa hiyo mameya 75. Juu yao kulikuwa na baraza la kaunti, nalo lilikuwa na kazi za kuonekana kwa macho: hospitali ya kaunti huko Gyula, baadhi ya shule za sekondari, makao ya wazee, makumbusho, maktaba, hifadhi ya nyaraka. Mgonjwa akilalamika, alijua mlango wa kubisha.

Halafu upepo ukageuka. Kuanzia 1 Januari 2012 hospitali na taasisi nyingine za kaunti zilihamishiwa serikali kuu. Tarehe 1 Januari 2013 shule nazo zikachukuliwa, za kaunti na za vijiji pia. Serikali ilijitetea kwamba kaunti zilikuwa zimezama katika madeni, na ni kweli, madeni hayo serikali kuu iliyabeba. Ilisema vilevile kwamba mtoto wa kijiji maskini asome sawa na mtoto wa mji tajiri. Waliopinga walisema kwamba kuponya deni kwa kumnyang'anya mtu nyumba si kuponya. Mimi nadhani pande zote mbili zina hoja, lakini ukinibana nitasema ya pili ina uzito zaidi.

Baraza la kaunti likabakiwa na nini? Mipango ya matumizi ya ardhi, maendeleo ya mashambani, kuratibu miradi. Karatasi, yaani. Rais wa baraza hachaguliwi na wananchi moja kwa moja kama gavana wetu, huchaguliwa na wajumbe wenzake. Na hapa kuna ajabu lililonifanya nisome mara mbili: Békéscsaba ni mji wenye hadhi ya kaunti, kwa hiyo wakazi wake hawapigi kura ya kuchagua baraza la kaunti. Baraza linakaa katikati ya mji wao, nao hawalichagui!

Kando ya baraza kuna ofisi ya serikali kuu katika kaunti, na hiyo ndiyo yenye nguvu siku hizi. Chini yake kuna wilaya tisa zilizorudishwa mwaka 2013, ambazo hazina mtu aliyechaguliwa. Ni ofisi za vitambulisho, vibali na misaada. Mkuu wa ofisi hiyo ya kaunti alipewa cheo cha kale cha főispán mwaka 2022, na 1 Januari 2023 neno la kawaida megye likabadilishwa kisheria kuwa vármegye, yaani kaunti ya ngome, jina la zama za wafalme. Wengine walifurahi, wengine wakacheka: kazi zimeondoka, majina ya kifahari yamerudi.

Vijijini bado kuna uhai. Kijiji chenye watu wasiozidi 1,000 huchagua madiwani wanne na meya, kwa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ninaoujua ulikuwa 9 Juni 2024. Meya hushughulikia shule za chekechea, barabara za kijiji, taa, makaburi, chakula cha watoto. Pembeni yake kuna jegyző, karani mkuu mwenye elimu ya sheria au utawala, anayehakikisha kila kitu kinafuata sheria. Vijiji vyenye watu chini ya 2,000 hutakiwa kuwa na ofisi ya pamoja na jirani zao. Kitu ninachokionea wivu ni halmashauri za makabila madogo. Waslovakia, Waromania, Wajerumani, Waserbia na Waroma huchagua halmashauri zao wenyewe za kutunza lugha, shule na desturi. Haki hiyo ilianza 1993, nayo haikupokonywa.

WANAKWENDA WAPI?

Sensa ya 2001 ilihesabu watu karibu 398,000 katika Békés. Ya 2011 ikapata karibu 360,000. Ya 2022 ilikuta wamebaki zaidi kidogo ya 300,000, kama nilivyosema. Watoto wanaozaliwa ni wachache kuliko wazee wanaokufa, na vijana huenda Budapest, au Austria na Ujerumani, ambako soko la ajira lilifunguliwa kwao 2011. Kule nyikani kuna nyumba zinazosimama peke yake katikati ya mashamba, ziitwazo tanya, zenye kisima, zizi na mti au miwili. Nyingi siku hizi ni magofu. Sisi tunalia kwamba shule zimejaa pomoni, wao wanalia kwamba madarasa yana mwangwi.

Kuna mtu mmoja aliyeiandika hali ya namna hiyo mapema. László Krasznahorkai alizaliwa Gyula mwaka 1954. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1985, inahusu watu wachache waliobaki katika makazi ya shamba la ushirika lililokufa, mvua inanyesha, matope kila mahali, nao wanamngoja mtu aje awaokoe. Mwezi Oktoba 2025 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Na mwaka uo huo, tarehe 1 Januari, ukaguzi wa mpakani kati ya Hungaria na Romania ulikuwa umeondolewa, hivi kwamba mtu wa Méhkerék huvuka kwenda Romania bila kuonyesha pasipoti.

Nimekwisha kumpa katibu wa chama hoja ya mdahalo wa muhula ujao: "Kaunti isiyo na hospitali wala shule si kaunti." Mimi nitakuwa upande wa wanaounga mkono. Nani atapinga?